Jeni ya Mifupa na Hofu ya Kiharusi

Kuna maradhi mawili yaingiayo majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Ya kwanza ni kiharusi. Mtu hulala akiwa mzima, akaamka upande mmoja wa mwili umepooza, mdomo umepinda, na ulimi hauwezi kulitamka jina la mwanawe. Ya pili ni udhaifu wa mifupa, ambao matabibu huuita ostioporosisi. Haya hayana homa wala maumivu, hata siku ile bibi mkongwe atelezapo akitia udhu, akaanguka anguko dogo ambalo mjukuu wake angeliinuka nalo akicheka, naye bibi nyonga ikavunjika.

Kwa muda mrefu maradhi haya yaliwekwa katika milango miwili ya hospitali: haya kwa daktari wa mifupa, na yale kwa daktari wa ubongo na moyo. Leo twataka kumweleza msomaji jinsi milango hiyo ilivyokuja kufunguliana, na jinsi urithi wa mwanadamu ulivyoitwa kutoa ushahidi juu ya dawa iimarishayo mifupa huku ikishukiwa kuleta kiharusi. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Kila mwenye mama, shangazi au bibi ambaye hedhi imekwisha kumkoma linamhusu.

Neno tutakalolitumia sana ni jeni, kwa e. Tunamwomba msomaji asilisome jini, kwani hili hakuna mganga awezaye kulipunga. Jeni ni kipande cha maandishi ya urithi kilichomo ndani ya kila chembe ya mwili, nacho huuamuru mwili utengeneze kitu fulani, na pengine kwa kiasi gani. Wengine huyaita maandishi hayo vinasaba, na twaona ni neno zuri, kwa kuwa yanatokana na nasaba ya mtu, nusu kwa babaye na nusu kwa mamaye.

Kwamba wenye mifupa dhaifu hupatwa zaidi na kiharusi, jambo hilo limeonekana katika hesabu kadhaa za matabibu. Lakini hapo ndipo penye mtego. Bibi ambaye mifupa yake imedhoofu aghalabu ni mzee, hatembei sana, pengine ana kisukari au figo zake zimechoka. Na kila moja katika mambo hayo humkaribishia kiharusi vilevile. Basi mtu akiwahesabu wenye mifupa dhaifu, akakuta wengi wao wamepooza, hajajua bado kama mfupa ndio ulioleta kiharusi, au kama vyote viwili ni watoto wa mama mmoja, yaani uzee. Tena mambo huweza kwenda kinyume. Mtu akisha kupooza, mifupa ya upande ule hupungua kwa kukosa kazi. Ndiyo maana wagonjwa wa kiharusi huvunjika nyonga kuliko wenzao wa umri mmoja, na mara nyingi ni nyonga ya upande ule ule uliopooza.

Ili kuutegua mtego huo hatuna budi kwenda Afrika ya Kusini, kwani ushahidi ulianzia kwa watu ambao mifupa yao haikuwa dhaifu hata kidogo. Miongoni mwa Waafrikana, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Makaburu, wazawa wa walowezi wa Kiholanzi walioanza kukaa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, ziko koo chache zenye maradhi ya ajabu. Mtoto huzaliwa pengine vidole vya mkono vimeungana. Akikua huwa mrefu kupita kiasi, taya hupanuka, paji la uso hutokeza, na mifupa yake huwa minene na mizito hata ni shida kuvunjika. Msomaji asidhani kwamba hiyo ni neema. Fuvu nalo hunenepa kwa ndani, likaibana mishipa ya fahamu, uso ukapooza na masikio yakaziba; na wengi walikufa ghafla kabla ya kuonja uzee, kwa sababu ubongo ulikosa nafasi. Daktari Truswell aliyaandika maradhi hayo mwaka 1958. Baadaye Peter Beighton wa Chuo Kikuu cha Cape Town na Herman Hamersma, tabibu wa masikio, waliwafuatia wagonjwa hao na jamaa zao kwa miaka mingi. Uholanzi nako, maradhi yanayofanana na hayo, ila ni mepesi zaidi, yalielezwa na tabibu van Buchem mwaka 1955.

Njia ya kuyarithi maradhi hayo yafaa kueleweka na kila ukoo uozao binamu kwa binamu. Karibu kila jeni mtu anazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu hana ugonjwa wowote, naye hufa bila ya kujua kwamba aliibeba. Lakini wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto wao ana hatari ya moja katika nne ya kuzirithi mbovu zote mbili. Watu waliotoka kwa mababu wachache na kuoana wao kwa wao, nakala zilizofichika hukutana upesi zaidi, wawe ni Waafrikana wa Transvaal au ni watu wa pwani yetu na wa Oman. Hatusemi kwamba ndoa ya binamu ina makosa, kwani ni halali. Twasema tu kwamba ukoo uliokwisha kuona ugonjwa wa kurithi ni vyema umwulize daktari kabla ya posa na si baada ya msiba.

Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yaliipata jeni yenyewe, katika kromosomu ya 17. Ikaitwa SOST, na protini itengenezwayo kwa amri yake ikaitwa sklerostini.

Ili tuielewe kazi yake, na tukumbuke kwamba mfupa si jiwe. Mfupa ni nyumba ambayo kila siku hubomolewa pembe hii na kujengwa pembe ile. Wamo waashi wajengao, wamo wabomoaji, na ndani ya kuta zake mna chembe zilizozikwa hai ambazo kazi yao ni kuhisi uzito unaoujia mfupa. Hizo za ndani ndizo zitoazo sklerostini, na sklerostini ni kama nyapara awaambiaye waashi: basi, wekeni mwiko chini. Mtu akitembea na kubeba, nyapara hunyamaza na ujenzi huendelea. Akilala kitandani siku nyingi, nyapara hupaza sauti na ujenzi husimama. Wale wagonjwa wa Afrika ya Kusini hawana nyapara kabisa, na waashi wao hawakomi kujenga. Ama wazazi wao na jamaa wenye nakala moja nzima na moja mbovu, walipopimwa walionekana kuwa na mifupa imara kuliko watu wengine, wala hawana taya kubwa wala uziwi.

Watengenezaji dawa hawakukawia kuona maana ya jambo hilo. Ikiwa kukosa sklerostini maisha yote huifanya mifupa kuwa minene mno, je, kuizuia kwa muda wa mwaka mmoja katika mwili wa mama aliyekonga hakutamrudishia mfupa aliopoteza? Ndivyo ilivyopatikana romosozumabu, sindano ichomwayo mara moja kwa mwezi kwa miezi 12, ambayo huishika sklerostini isitende kazi yake.

Dawa ilijaribiwa kwa wanawake wengi. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2016, wanawake 7,180 waligawanywa, nusu wakachomwa dawa na nusu wakachomwa sindano isiyo na dawa ndani yake. Mifupa iliimarika, na hesabu za maradhi ya moyo na ya ubongo hazikutofautiana. Katika jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2017, wanawake 4,093 waliokwisha kuvunjika mifupa waligawanywa pia; lakini safari hii upande wa pili ulipewa vidonge vya alendronati, dawa ya mifupa ya siku nyingi. Baada ya mwaka mmoja pande zote mbili zilimezeshwa vidonge hivyo.

Hesabu za jaribio hili la pili na tuzitazame polepole. Katika miaka miwili, walioanza na sindano walivunjika pingili za uti wa mgongo watu 62 katika kila 1,000. Waliotumia vidonge peke yake, 119. Waliovunjika nyonga mpaka mwisho wa hesabu ni 20 katika kila 1,000 kwa upande wa sindano, na 32 kwa upande wa vidonge. Aliyewahi kumwuguza mwenye nyonga iliyovunjika anajua thamani ya tofauti hiyo. Lakini katika mwaka ule wa kwanza waliopatwa na mambo mazito ya moyo na mishipa walikuwa 25 katika kila 1,000 kwa sindano, na 19 kwa vidonge. Waliopatwa na maradhi ya mishipa ya ubongo, yaani kiharusi na jamaa zake, walikuwa watu 16 upande wa sindano na watu 7 upande wa vidonge, na kila upande ulikuwa na wanawake zaidi kidogo ya 2,000.

Kumi na sita kwa saba. Mwenye haraka atasema dawa ni sumu, na mwenye kuiuza atasema hesabu ni ndogo mno, yaweza kuwa ni bahati tu. Wako waliosema kwamba pengine sindano haina dhambi, ila vidonge ndivyo vilivyoukinga moyo, na kwa hiyo upande wa pili ukaonekana mbaya kwa kulinganishwa. Nao walitaja lile jaribio la kwanza, ambalo halikuonyesha madhara. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini vilevile wanawake wa jaribio la pili walikuwa wazee na wadhaifu zaidi, na yamkini hatari hujionyesha kwao tu.

Wenye mamlaka nao hawakuwa na neno moja. Japani iliiruhusu dawa mwezi wa Januari 2019. Marekani iliiruhusu mwezi wa Aprili mwaka ule ule, lakini kwa kuitia onyo zito kuliko yote yaandikwayo juu ya dawa, kwamba yaweza kuleta mshtuko wa moyo, kiharusi na kifo, na kwamba asipewe aliyepatwa na mojawapo katika mwaka uliopita. Washauri wa dawa wa Umoja wa Ulaya waliikataa kwanza mwezi wa Juni, wakaombwa kuitazama tena, na ikaruhusiwa mwezi wa Desemba. Huko hapewi kabisa mtu aliyewahi kupatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi, hata ikiwa ni miaka mingi iliyopita.

Hapo ndipo urithi ulipoitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1986 mtaalamu wa Uholanzi, Martijn Katan, alitoa fikira fupi yenye kina kirefu, na mwaka 2003 George Davey Smith na Shah Ebrahim wa Bristol wakaipanua na kuieneza. Njia hiyo imepewa jina la Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyepanda njegere bustanini na kutangaza kanuni za urithi mwaka 1866. Maana yake ni hii. Mtoto atungwapo mimba, nakala ipi ya jeni ataipata kwa babaye na ipi kwa mamaye ni kama kura iliyopigwa. Kura hiyo haimjui tajiri wala maskini, haimjui atakayevuta sigara wala atakayefunga. Basi wako watu ambao kura iliwapa herufi za SOST zinazopunguza sklerostini kidogo. Hao ni kama waliochomwa sindano ndogo ndogo tangu tumboni mwa mama zao. Wakihesabiwa uzeeni pamoja na wale ambao kura haikuwapa, itaonekana kama dawa yenyewe ina hatia au haina, bila ya kumchoma mtu yeyote.

Kazi hiyo yataka watu wengi sana. Katika hazina ya afya ya Uingereza iitwayo UK Biobank waliandikishwa watu wapatao 500,000, wa umri wa miaka 40 hadi 69, baina ya mwaka 2006 na 2010, wakatoa damu na wengi wao wakapimwa mfupa wa kisigino kwa mawimbi ya sauti. Kwa vipimo vya watu zaidi ya 426,000 miongoni mwao, mwaka 2019 zilitangazwa sehemu 518 za urithi zenye kuhusika na uimara wa mifupa. Upande wa kiharusi, mwaka 2022 walikusanywa wagonjwa zaidi ya 110,000 kutoka mataifa mbalimbali, wakalinganishwa na watu wapatao milioni moja na nusu wasiopatwa, zikapatikana sehemu 89.

Mwaka 2020 watafiti walioongozwa kutoka Oxford waliziuliza herufi za SOST swali lile. Jibu lilikuwa kwamba waliozirithi herufi za kuimarisha mifupa walivunjika kidogo kuliko wenzao, kama ilivyotarajiwa. Lakini walikuwa na mshtuko wa moyo zaidi, na kisukari cha ukubwani zaidi, na presha zaidi. Presha, kila mwenye mgonjwa wa kiharusi anajua, ndiyo mlango mkuu ambao kiharusi hupitia. Watafiti wengine, wakizitumia herufi nyingine za jeni hiyo hiyo na kuzipima kwa njia nyingine, hawakuiona hatari hiyo, na mabishano yaliendelea. Mwaka 2023 kundi jingine lilirejea na dalili kwamba sklerostini pungufu huandamana na maradhi ya mishipa ya moyo.

Sisi twaona kwamba mizani imeelemea upande wa tahadhari, nayo sababu yake haimo katika hesabu peke yake. Sklerostini haikai mifupani tu. Imeonekana pia katika kuta za mishipa mikubwa ya damu, khasa pale ambapo mishipa imeanza kuingia chokaa na kuwa migumu. Ikiwa huko nako nyapara ana kazi ya kuwazuia waashi wasijenge mahali pasipopaswa kuwa na ukuta, basi mwenye kumnyamazisha mifupani amemnyamazisha na mishipani. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba mifupa imara huleta kiharusi. Sehemu zile 518 ni nyingi, na kila moja ina kazi zake. Inayoshukiwa hapa ni njia moja tu, ya jeni yenye majumba mawili.

Wako waulizao: mbona Waafrikana wale wasio na sklerostini kabisa hawakusikika kufa kwa kiharusi? Swali ni zuri, lakini wagonjwa hao ni wachache mno, hata ulimwengu mzima waliopata kuandikwa ni takriban mia moja tu, na wengi walikufa kwa kubanwa ubongo kabla hawajaufikia umri wa kiharusi. Aliyekufa kijana hawezi kuwa shahidi wa maradhi ya uzeeni.

Tena kura ya urithi hudumu maisha mazima, na sindano ni ya mwaka mmoja. Pengine madhara ya mwaka mmoja ni madogo, au pengine kwa bibi wa miaka 78 mwenye mishipa iliyokwisha kuharibika ni makubwa zaidi. Na jambo jingine litugusalo sisi: hazina ile ya Uingereza, katika kila watu 100 waliomo, zaidi ya 90 ni wazungu. Herufi za urithi hazikugawanywa sawasawa baina ya watu wa dunia, na hesabu iliyotoka Bristol na Oxford haiwezi kuvikwa mwili wa bibi wa Lamu au wa Kigoma kana kwamba ni kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake.

Sasa nyumbani kifanywe nini? Bibi aliyewahi kupooza, hata ikiwa ni ule upoozaji wa nusu saa unaokuja na kuondoka, asiufiche kwa daktari wa mifupa kwa kudhani kwamba haumhusu. Mara nyingi ni mtoto amfuataye hospitali ndiye apaswaye kulisema, kwa kuwa mzee husahau au huona haya. Presha ipimwe kabla ya dawa kuanza. Akiandikiwa sindano, na aulize ni ya namna gani. Kwani zipo dawa nyingine za mifupa, vidonge vya alendronati vikiwa miongoni mwao, ambazo hazikutiwa onyo hili, na si haki mzee kuzikimbia zote kwa kosa la moja. Na ambaye hana ugonjwa wa moyo wala hajapooza kamwe, na pingili zake zinavunjika moja baada ya moja, kwake yeye zile hesabu za 62 na 119 zaweza kuwa na uzito kuliko za 25 na 19. Hilo ni la kupimwa baina yake na tabibu wake.

Vidonge vya kalsiamu vinunuliwavyo dukani bila ya cheti navyo twavitaja kwa ufupi. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden na Uingereza, kwa njia hii hii ya kura ya urithi, walionyesha kwamba wazaliwao na kalsiamu nyingi zaidi katika damu hupatwa zaidi na maradhi ya mishipa ya moyo. Maziwa na dagaa si sawa na vidonge vimezwavyo ovyo.

Dalili za kiharusi na zijulikane na kila mtu nyumbani hata mtoto: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Akionekana nazo yeyote, awe anachomwa sindano au hachomwi, apelekwe hospitali saa ile ile, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na hutolewa tu baada ya kichwa kupigwa picha. Sindano ya romosozumabu yenyewe huchomwa mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi daktari anayo nafasi ya kuuliza tena habari za kifua na za ulimi, na mgonjwa anayo nafasi ya kusema.